Hapana, Nimesema Vibaya: Bwawa la Mchanga la Ekalakala

Siku yangu ya kwanza kazini, suruali yangu ilikuwa imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyanya. Nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni mjini Machakos, nikaajiriwa kuwa msaidizi wa maendeleo ya jamii. Nikahutubia baraza Kangundo bila kusita hata mara moja, kisha nikaketi kungoja sifa.

"Umesema kama redio," bosi wangu, Afisa wa Maendeleo, akaniambia. "Nani hujibu redio? Siku nyingine jikwae kidogo, halafu ujirudi. Watu wakuone ukitafuta neno."

Mbinu hiyo ndiyo iliyonilisha: kujisahihisha makusudi. Unatanguliza neno dogo, unanyamaza, kisha unalitupa na kuleta lililo bora. Lakini vijana, msijaribu kwa idadi ya magunia ya saruji. Ukijirudi hapo, utaitwa mwizi kabla hujaketi.

Nikahamishiwa Masinga. Kule Ekalakala kulikuwa na mto ambao mvua ikiisha hubaki mchanga mtupu, na akina mama walifuata maji mbali sana, nusura wavuke mpaka wa nchi. Ofisi ikaleta saruji ya bwawa la mchanga, yaani ukuta wa kuzuia mchanga mtoni ili maji yajifiche ndani yake. Mvua ikakaribia, saruji ikaanza kuganda, na hakuna aliyekuja kubeba hata jiwe. Kosa lilikuwa letu. Tuliita mwethya kutoka ofisini, na mwethya, ile kazi yetu sisi Wakamba ya kusaidiana, huitwa na mwenye shida.

"Saruji hii ikiharibika, hawapati nyingine," bosi wa huko akasema. "Nenda ukaongee."

Nikasimama barazani. "Nimekuja kwa ajili ya bwawa la serikali." Nikanyamaza. "Hapana, nimesema vibaya. Serikali iko na ng'ombe hapa? Serikali hubeba mtungi? Bwawa ni lenu. Na sikuja kuwaita. Nimekuja kuuliza kama mwethya wenu utanikubali."

Mama Mwikali, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, akainuka. "Utabeba mawe na suruali hiyo?"

"Mwaitu, mama yangu, nitaivua... hapana, jamani! Nitaikunja!"

Kicheko kile kilisikika mpaka Nairobi. Mama Mwikali akafuta machozi, akatangaza, "Basi kesho asubuhi. Mimi ndiye naita. Na wanaume, msijifanye hamsikii!"

Wakaja wote, hata waliokuwa wagonjwa tangu kuzaliwa! Ukuta ukakamilika kabla ya tone la kwanza. Kiangazi kilipofika, tulifukua mchanga kwa mikono, maji yakapanda, baridi na safi.

Nilipostaafu majuzi, watu wa Ekalakala walinialika wakaniweka mbele ya umati.

"Huyu ndiye aliyetujengea bwawa," Mama Mwikali akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Ai, hapana. Tulijijengea wenyewe. Huyu tulimkubali tu."

Nimesahihishwa na mabosi wengi, lakini hakuna aliyewahi kunisahihisha vizuri hivyo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.