Nionyeshe Somo Linalokushinda

Hebu mwone anavyoingia. Mama wa makamo, mfupi, mkoba wa kitambaa begani, viatu vya kamba amevikaza kama mtu anayejiandaa kukimbia. Anamwamkia mlinzi, na mlinzi anamfungulia geti bila kumwuliza kitu, maana amemzoea. Anapita uwanjani akiambaa ukuta. Mlango ukibamizwa darasa la mbali, yeye anashtuka. Ukimtazama utasema ni mzazi aliyeitwa kwa ajili ya mtoto mtukutu, na njia nzima amekuwa akipanga maneno ya kuomba radhi.

Walimu wanamwita Kiti cha Nyuma, na jina halikumchukiza. Ofisi yake iko chuo kikuu, kwenye kituo kidogo nyuma ya maktaba, ambacho kazi yake ni kuzisaidia shule zijitengeneze zenyewe. Watu wa kituo hicho hawaleti madawati wala rangi ya kupaka kuta. Wanakuja, wanakaa nyuma ya darasa, wanatazama, halafu wanazungumza na mwalimu. Ndiyo kazi yote. Mumewe, fundi cherehani, alipoelezwa mara ya kwanza alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Kwa hiyo unalipwa kukaa," alisema. "Na mimi nimekaa miaka yote hii, mbona sijaona chuo kikuu?"

Lakini kuna kukaa na kukaa. Wewe unajua shule inavyopokea wageni. Ubao unapakwa rangi nyeusi upya, watoto wanaambiwa wote wanyooshe mikono: anayejua jibu anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto, na mwalimu anachagua wa kulia tu. Mgeni anaondoka ameridhika, na shule inabaki kama ilivyokuwa. Watu wa kituo wao walikuwa na desturi yao, iliyopindua mambo. Mwalimu akikubali kufanya kazi nao, humwambia hivi: "Usinionyeshe somo lako zuri. Nionyeshe somo linalokushinda." Na kwa kuwa hakuna mtu anayevua nguo mbele ya mlango ulio wazi, walimwahidi pia kwamba watakachokiona kitabaki kati yao wawili. Mwalimu Mkuu hataambiwa. Mkaguzi ndiyo kabisa.

Kiti cha Nyuma aliishika ahadi hiyo kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga wa watu. Alikuwa mwoga tangu kuzaliwa, na mwoga akiaminiwa halali usingizi. Zamani, alipokuwa mwalimu mwenyewe, gari la wakaguzi likionekana barabarani alikuwa anafuta ubao haraka na kuandika somo analolijua vizuri. Kwa hiyo alijua alichokuwa anawaomba wenzake.

Asubuhi ninayotaka kukusimulia, mumewe alimwuliza, "Leo unakwenda kumtazama nani?"

"Siwezi kukwambia."

"Hata mimi mumeo?"

"Hata wewe, mume wangu."

"Haya. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Basi kata inywe chai kwanza, naona imeshaanza kutetemeka."

Aliyekuwa anakwenda kumtazama ni mwalimu wa darasa la tano, ambaye shule nzima inamwita Sharubu kwa sababu unayoweza kuikisia. Ni mtu mzima, mpole, na mzuri kwa masomo mengi. Lakini mwaka uliopita Mkaguzi alimkuta siku mbaya akampa onyo, na kila mwalimu wa pale anajua kwamba onyo la pili ni kuondolewa darasani. Sharubu ana watoto wanaosoma na mke asiye na kazi. Onyo la pili kwake si maneno tu.

Na bado, siku moja walipokuwa wamesimama kwenye bomba la maji watoto wakiwa wameshaondoka, Sharubu alimwambia, "Mama, kuna somo linanishinda. Hesabu za sehemu. Zile za nusu na robo na theluthi. Kanuni ninayo, nawapa, wanakariri. Lakini mtoto akiniuliza kwa nini iwe hivyo, nakuwa kama mtu anayevuka mto gizani. Kila mwaka. Naogopa kipindi hicho kuliko wanavyokiogopa wao."

"Nitakuja nikione. Halafu tutakaa wawili tukivunjevunje."

"Usimwambie mtu."

"Sitamwambia mtu."

Sasa sikiliza kosa lilipoingilia, maana liliingilia mlango ambao hakuna aliyeulinda. Ratiba ya kipindi cha sehemu ilikuwa inaangukia siku ambayo Kiti cha Nyuma yuko shule nyingine. Akampigia simu Mwalimu Mkuu, akaomba kwa adabu kama hesabu za darasa la tano zinaweza kusogezwa.

"Kuna nini kwenye kipindi hicho?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Hakuna kitu, Mkuu. Ningependa tu kukiona."

Akakata simu akiwa amejiridhisha kwamba amefunga mdomo vizuri. Lakini Mwalimu Mkuu ni Mwalimu Mkuu, na desturi ile ya kituo hakuwahi kuelezwa. Katika maisha yake yote hajawahi kuona mgeni akiomba somo kwa jina lake isipokuwa somo hilo lina sifa. Akawaza, akatabasamu, akaona kwamba habari za Sharubu zimefika chuo kikuu. Na alikuwa anamtakia mema Sharubu, usije ukadhani vingine. Akachukua simu akampigia Mkaguzi.

Ndiyo maana, asubuhi tunayoisimulia, Kiti cha Nyuma alimkuta Mwalimu Mkuu amesimama mlangoni amevaa nguo yake ya sherehe.

"Karibu, mwalimu wangu. Leo utafurahi."

"Asante, Mkuu. Kuna nini?"

"Jambo jema halifichwi. Nimemwalika Mkaguzi naye aje aone. Yumo ndani, anakunywa chai."

Mwanamke yule alitazama ndani, kisha akatazama geti alikotokea. Akashika fremu ya mlango. "Mkuu," alisema, "labda tuahirishe. Siku nyingine."

"Tuahirishe? Mgeni ameshafika, nimwambie nini? Au una tatizo na Sharubu?"

Angalia mtego ulivyokaa. Akisema ndiyo, ametoa siri. Akinyamaza, amejibu. Akasema, "Hapana. Sina tatizo naye."

"Basi twende, mwenzangu. Mbona jasho asubuhi yote hii?"

Aliwaza kumkimbilia Sharubu ampe hata neno moja. Akatoka kwa hatua za haraka, karibu mbio, akapita darasa la nne, na kengele ikagonga, watoto wakamwagika kwenye ukumbi kama mtama uliopasukiwa gunia. Alipofika mlango wa darasa la tano, nyuma yake alisikia viatu vizito na sauti ya taratibu ikisema, "Nawe ndiye wa chuo? Vizuri. Tutakaa pamoja."

Mkaguzi ni mtu mkubwa, mkimya, asiyegomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alivuta benchi la nyuma, akampa mama nafasi, akatoa kalamu akaiweka gotini. Mwalimu Mkuu akabaki amesimama mlangoni na tabasamu lake.

Sharubu alikuwa anafuta ubao. Aligeuka. Akamwona Mwalimu Mkuu, akamwona Mkaguzi, mwisho akamwona yeye, amekaa bega kwa bega na Mkaguzi kama watu waliokuja pamoja. Uso wake haukukasirika. Ulizimika tu, kama dirisha mtu anapochukua taa chumbani. Kiti cha Nyuma alitaka kutikisa kichwa, kusema siyo mimi, lakini Mkaguzi alikuwa karibu mno. Hakutikisa.

Sharubu akaandika ubaoni: nusu jumlisha theluthi. Chaki ilikatika mara moja. Akaokota kipande akaendelea.

"Nani anajaribu?"

Mkono ukapanda mbele. Ni msichana mmoja mwembamba ambaye hakumbuki kuogopa. "Mbili ya tano, mwalimu."

"Siyo."

"Moja na moja ni mbili. Mbili na tatu ni tano."

"Siyo hivyo. Namba za chini kwanza tunazifanya zilingane. Ndiyo kanuni."

"Kwa nini, mwalimu?"

Kiti cha Nyuma alisikia kalamu ya Mkaguzi ikifunguliwa. Ni sauti ndogo sana, tiki, lakini alihisi kama imebonyezwa kwenye mbavu zake.

"Kwa sababu kanuni inasema hivyo," Sharubu alisema.

"Na kanuni inasema hivyo kwa nini?"

Hakuwa na utovu wa adabu yule mtoto. Alitaka kujua. Sharubu alitazama ubao kama mtu aliyesahau nyumba yake. Akaanza sentensi, akaiacha. Akaanza nyingine. Kisha akawaambia wanakili kanuni kwenye madaftari, nao wakanakili, na chumba kizima kikawa mkwaruzo wa penseli hadi kengele. Mwalimu Mkuu hakuwa anatabasamu tena.

Ofisini walikaa wanne. Ofisi yenyewe imetengwa na chumba cha walimu kwa ukuta wa mbao nyembamba, ukikohoa huku, kule wanakwambia pole. Mkaguzi alisema bila kupandisha sauti, "Mwalimu, unakumbuka tulichozungumza mwaka jana."

"Nakumbuka, mzee."

"Basi hili ni la pili."

Mwalimu Mkuu akajishika kifua. "Lakini sikuelewa. Huyu mama ndiye aliyelitaka somo hili. Alipiga simu mwenyewe."

Mkaguzi akageuka polepole. "Kweli?"

"Kweli," alisema Kiti cha Nyuma.

"Ulilitaka kwa nini?"

Hapo ndipo alipomtazama Sharubu, akitafuta ruhusa, hata kwa ukope. Sharubu alikuwa ameinamisha kichwa, anajisugua chaki vidoleni. Anasugua kidole kimoja, anahamia kingine, anarudi kile cha kwanza. Hakuinua macho. Alitamani mtu agonge mlango. Hakuna aliyegonga.

"Kwa sababu yeye mwenyewe aliniomba," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Somo hili linamshinda, na anajua linamshinda. Alitaka asaidiwe."

"Kwa hiyo alijua hajui, na bado anawafundisha watoto wa watu."

"Ndiyo." Aliukumbatia mkoba wake. "Ukimwondoa, atakuja mwingine. Naye huenda hajui, lakini huyo hatasema. Mimi nimekaa nyuma ya madarasa mengi, mzee. Wanaosema ni wachache."

Upande wa pili wa mbao vikombe vilikuwa vimenyamaza. Mkaguzi aliifunga kalamu, akaifungua, akaifunga tena.

"Muhula ujao nitarudi," alisema. "Mwalimu huyu huyu, somo hili hili. Leo sijaandika. Siku hiyo nitaandika."

Nje, kwenye kivuli cha jengo, Sharubu alisimama naye. "Nilikwambia usimwambie mtu."

"Ningenyamaza ungeondoka leo."

"Najua. Lakini ungeniuliza kwanza. Hata kwa jicho."

"Macho yako yalikuwa chini, baba."

"Nilikuwa naogopa."

"Hata mimi."

Akamweleza habari ya simu, yote, na Sharubu akamsikiliza mpaka mwisho. Hakusema amesamehe. Alisema tu, "Basi tuanze, muhula haungoji mtu." Tangu siku hiyo hubaki pamoja baada ya masomo, wanakunja karatasi: moja wanaikunja sehemu mbili, nyingine sehemu tatu, wanaweka kipande juu ya kipande mpaka Sharubu aone kwa macho yake kwamba vipande visivyolingana huwezi kuvihesabu kwa jina moja. Kuna siku anaelewa na kuna siku somo linamponyoka. Siku linapomponyoka, wote wawili wanatazama kalenda ukutani, kisha wanachukua karatasi nyingine.

Lakini walimu wengine walisikia kupitia zile mbao. Kiti cha Nyuma akiingia chumba cha walimu sasa, mazungumzo yanageuka kuwa ya hali ya hewa. "Karibu mama, karibu, leo joto kweli." Anakaribishwa madarasani kama kawaida, ila anaonyeshwa masomo yanayong'aa. Watoto wananyoosha mikono, ya kulia na ya kushoto. Anakaa nyuma, anatazama, anajua, na anaogopa kwamba alimwokoa mmoja akawafungia mlango wengine wote.

Juzi, alipokuwa anaondoka, alifuatwa na mwalimu wa darasa la tatu, yule mwenye kicheko kikubwa kuliko wote pale shuleni, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumcheka Sharubu baada ya kuyasikia yale ya ofisini. Alitembea naye mpaka karibu na geti akizungumzia viatu. Mlinzi alipogeuka kufungua, akashusha sauti.

"Dada, na mimi nina langu. Kusoma. Kuna watoto wanamaliza mwaka kwangu hawajui kusoma, nami sijui nianzie wapi." Akatazama nyuma, ukumbi ulikuwa mtupu. "Nataka kukuonyesha. Ila niambie kweli. Siku wakikuweka kwenye kile kiti cha ofisini tena, wakikuuliza, utasema au utanyamaza?"

Geti lilikuwa wazi, mlinzi anangoja, na mwalimu yule hajaondoa macho usoni pa Kiti cha Nyuma, maana yeye hakuinama kama Sharubu. Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ungemjibu nini?