Baba Mkwe Hawekwi Stoo

Sabiri, fundi wa kompyuta pale Nguvumali, alimpa Laurenti kanuni moja tu: diski ndogo ni ya Windows na programu zake, basi, video zote zikae diski kubwa. Laurenti aliitikia kwa kichwa, kama wanavyoitikia watu wasiokusudia kutii.

Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi na kipaimara. Laptopu yake ilichelewa kuwaka hata mkewe, Devota, akazoea kuibonyeza kwanza ndipo abandike maharage. Sabiri akaipachika SSD, kidiski chembamba kama biskuti, kiwe ndicho cha kuiwashia. Diski kubwa ya zamani akaiacha humo humo iwe ghala, pamoja na Windows yake kuukuu, kwa dharura. Laptopu ikawaka kabla Laurenti hajakaa vizuri kitini.

"Sasa hata video za wakwe zangu niziweke kule kwenye ya zamani?"

"Hata za wakwe, kaka. Diski haimjui mkwe."

"Wewe hujaoa ndiyo maana. Baba mkwe hawekwi stoo!"

Kumheshimu mkwe ni jambo jema. Lakini Laurenti alitaka heshima hiyo ionekane, na hayo ni majivuno. Akaijaza diski ndogo: mama mkwe akipeta mchele, ng'ombe wa baba mkwe, baba mkwe na ng'ombe wake. Folda akaiita "Wakwe". Zile video ambazo hakutaka wazione akazitupa diski kubwa, katika folda iliyoitwa "Wakwe" vilevile, kwa uvivu wa kutafuta jina. Laptopu ilipomwonya kwamba nafasi inakwisha, alilifunga onyo kama anayefukuza nzi.

Ikafika jubilei ya ndoa ya wakwe, kule Maramba. Televisheni kubwa iliwekwa barazani. Laurenti aliketi ubavuni mwa baba mkwe, Mzee Fanueli, kiti ambacho wakwe wenzake walikitamani miaka yote. Akaiunganisha laptopu na televisheni, akawasha. Kiduara kikazunguka, kioo kikazima, kiduara kikazunguka tena.

"Mkwe, inasali?" aliuliza Mzee Fanueli.

"Inajiandaa, baba."

"Ijiandae haraka," shangazi yake Devota alidakia, "isije ikatukuta jubilei ya pili!"

Laurenti akajificha nyuma ya nyumba, akampigia Sabiri.

"Umeijaza ile ndogo?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Yote."

Sabiri alishusha pumzi. "Iwashe kwa ile kubwa. Bonyeza F12, uichague. Video za kwenye ndogo utaziona humo humo. Ila sikiliza..."

Laurenti alikwisha kata simu. Angesikiliza, angeambiwa kwamba diski inayowasha ndiyo inayojiita C, na kwamba C aliyoizoea, ile ndogo ya heshima, sasa angeikuta kwenye D.

Windows kuukuu iliwaka pilau ikiwa imekwisha liwa. Laurenti akafungua C, akaona "Wakwe", akashukuru Mungu, akabonyeza video ya kwanza.

Ilikuwa misa ya ubatizo wa mtoto wao, Blessing. Kamera ilipita juu ya vichwa vya waumini, ikatua kwa Mzee Fanueli, kinywa wazi, anakoroma hadi padri anapaza sauti. Kisha ikasikika sauti ya Laurenti mwenyewe, ikinong'ona kwa kicheko: "Hilo tingatinga la Maramba, linapanda mlima. Sasa linabadilisha gia..."

Baraza zima likalipuka kwa kicheko. Shangazi aliangusha sahani. Devota alijifunika khanga usoni. Laurenti alibonyeza kila kitufe, lakini Windows ile ilikuwa nzito kusikia, na tingatinga likapanda mlima mpaka kileleni.

Mzee Fanueli peke yake hakucheka. Alingoja video iishe, akamgeukia binti yake.

"Devota, mwambie huyo mwenye kompyuta anipishe hapa. Gia zangu zinahitaji nafasi."

Sabiri aliifufua diski ndogo, na hakuna video hata moja iliyopotea. Laurenti alipoteza kiti. Sasa kwenye sherehe za Maramba huketi jikoni na shangazi, na shikamoo yake kwa baba mkwe huitikiwa kupitia kwa Devota.