Nilimtaja Mwalimu Yona kwa Alama ya Kiatu

Kosa ni langu, sitazunguka. Minye njo niliua Mwalimu Yona, hata kama bunduki haikuwa mkononi mwangu.

Jina langu sitaliandika. Watu wa mtaa wetu wa Songo wenye umri wangu tumebaki wachache, na hao wakisoma watanijua. Wanijue! Nimechoka kuheshimiwa bure.

Nilikuwa fundi viatu hapa Uvira. Uhuru ulikuwa umekuja miaka michache nyuma, Wazungu wameacha viti vyao mu biro za serikali, na kila kijana alikuwa anaota kiti chake. Minye niliota kuwa mpelelezi wa serikali. Jirani yangu, Mwalimu Yona, aliniandikia barua nzuri ya kuomba kazi, nikaipeleka. Wakaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema darasa la ine. Walicheka mpaka mumoja wao akavua kofia apanguse machozi.

Basi nikajiapiza: nitawaonyesha!

Na kipaji nilikuwa nacho, sisemi uongo. Viatu karibu vyote vya Songo vilipita mikononi mwangu. Nikiona alama kwenye udongo, ninajua ni ya nani. Mbuzi wa shemasi alipoibiwa, nilifuata kisigino kilicholika upande mumoja mpaka nyumbani kwa shemeji yake mwenyewe. Tukamkuta mbuzi chini ya kitanda, mdomo umefungwa na kitambaa! Baada ya hapo nikakamata mwizi wa baiskeli. Watu wakaanza kuniita Fundi Macho. Jina lile lilinilewesha kuliko pombe ya ndizi.

Kisha waasi wakachukua mji. Askari wa serikali wakakimbilia upande wa Bukavu, mishahara ikakatika, masomo yakafungwa. Siku moja komanda wa waasi akaniita. Kijana mudogo kuliko minye, amefunga kipande cha ngozi ya chui kichwani.

"Weye njo Fundi Macho?"

"Njo minye, komanda."

"Masanduku mawili ya penisilini yamepotea ku dispanseri. Kuna muntu anawapelekea adui zetu dawa. Nitafutie huyo muntu."

Ningepaswa kuogopa. Minye nilifurahi! Nilitoka pale ninatembea kama tayari nimevaa kofia ya serikali.

Mvua ilikuwa imenyesha. Nyuma ya dispanseri, chini ya dirisha, nikakuta alama za viatu, nyingi, za kwenda na kurudi. Nikapiga magoti. Soli ilikuwa imebandikwa kiraka cha mupira wa gari, misumari mitano, wa tano umepinda. Msumari ule niliupinda mwenyewe, nyundo iliponiteleza. Kilikuwa kiatu cha Mwalimu Yona.

Sikumuuliza muganga wa dispanseri nani anapita nyuma pale. Sikumuuliza Yona. Nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta wa matete tu, ningeweza kumwita nikiwa nimekaa kwangu! Nilirudi kwa komanda mbio, nisije nikatanguliwa na muntu mwingine.

Askari wake walimleta Yona mu biro ya komanda kabla ya saa sita. Alikuja bila viatu.

"Viatu viko wapi?" komanda akauliza.

"Niliviuza ku soko ya Kavimvira, wiki tatu zimepita," Yona akajibu. "Mishahara haitoki, komanda. Watoto wanakula nini?"

"Ulimuuzia nani?"

"Mufugaji mumoja wa kule juu ku milima. Sikumuuliza jina."

Minye nikacheka. Ndiyo, nilicheka! Nikasema, "Komanda, muntu akificha kisu, kila siku anasema alikiuza."

Yona akanigeukia. Hakukasirika. Alionekana kama muntu aliyepotea njia na kumuona ndugu yake.

"Fundi, twende pamoja Kavimvira tuulize," akasema. "Wanawake wa soko waliniona nikiviuza. Ni mwendo wa saa moja tu. Twende, ndugu yangu."

Komanda akaniangalia. "Unasema nini? Muende?"

Mpaka leo ninalisikia swali lile. Nikaona tukienda, watu watasema Fundi Macho hana uhakika. Nikajibu, "Hakuna haja, komanda. Ni yeye."

Wakampeleka upande wa ziwa. Nilikuwa sijafika nyumbani nikasikia bunduki, mara mbili.

Mama Neema, bibi yake wa ndoa, alipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Nilienda na wanaume wengine kuchukua maiti ya Yona. Tulipomwosha, minye nilipewa kuosha miguu. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka, udongo umeingia kabisa ndani ya mipasuko. Ile ilikuwa miguu ya muntu aliyetembea siku nyingi bila viatu. Ushahidi wote ulikuwa pale, mbele yangu, tangu asubuhi. Fundi Macho! Macho gani?

Hata hivyo nikajidanganya. Nikasema labda aliviacha mahali, anavivaa akienda kuiba tu.

Kisha, mwezi haujaisha, muntu mumoja murefu mwenye fimbo ya ng'ombe akaketi mbele ya meza yangu, akavua viatu.

"Fundi, kiraka kimefunguka."

Nikageuza soli. Misumari mitano.

"Ulivipata wapi, baba?"

"Kavimvira. Mwalimu mumoja mwembamba aliniuzia. Muntu muzuri sana, alinipunguzia bei alipojua nina mugonjwa."

"Mugonjwa nani?"

"Bibi yangu. Ugonjwa ulipozidi, wiki ile ya mvua, alilazwa ku dispanseri siku ine. Nililala inje, chini ya dirisha, akiita nisikie."

Nikainamia soli. Akaniuliza kama ninalia. Nikasema ni arufu ya gundi. Nikabandika kiraka, akavaa, akaniombea baraka ya Mungu, akaenda zake.

Na penisilini? Waasi walipokimbia, masanduku yote mawili yalikutwa ndani ya nyumba aliyolala komanda mwenyewe.

Sikumwambia muntu. Shitaka lilifanyika ndani ya biro, na waliolisikia walikuwa wamekufa ao wamekimbia. Mama Neema alirudi kwa wazazi wake Luberizi, akalima mupunga. Kila mavuno alinitumia mchele! "Kwa fundi aliyemwosha bwana yangu." Ule mchele bibi yangu aliupika, watoto wakashiba, na minye nikasema nina tumbo mubaya. Mwaka kwa mwaka nina tumbo mubaya. Bibi yangu alikufa bila kujua kwa nini sikuwa ninakula mchele wa Luberizi.

Ufundi niliuacha. Sikuweza tena kugeuza kiatu cha muntu.

Mama Neema naye ameshazikwa. Neema mwenyewe sasa ana wajukuu, na akishuka Uvira lazima apite kunisalimia. Ananiita Papa, yaani baba. Ananiuliza baba yake alikuwa muntu wa namna gani, sababu alikuwa mudogo, hamukumbuki vizuri. Ninamwambia alikuwa mpole. Ninamwambia aliandika mwandiko muzuri. Kisha ninamuuliza habari za wajukuu.

Mwezi ujao atakuja. Nitamwambia angali amesimama mlangoni, kabla hajaketi, kabla hajaniita jina lile la Papa. Akinitemea mate, ni haki yake. Akienda bila kusema neno, pia ni haki yake.

Ninyi munaosoma, vijana hasa, munaojua kila kitu kwa kuangalia mara moja: ukimtaja muntu leo, kesho huwezi kumrudisha. Kama anakuambia "twende tuulize", simama muende, hata kama ni mbali, hata kama watu watakucheka. Waache wacheke! Minye niliogopa kuchekwa mara ya pili, na Mwalimu Yona hakufikisha miaka makumi tatu na mbili.