Mchezo Aliouona Tata

Siku yangu ya kwanza katika kikundi cha maigizo cha Kitendaguro, mkurugenzi alinizunguka kama mtu anayekagua mbuzi. "Umri wa kijana," akasema, "lakini sura imechoka. Wewe utakuwa baba." Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne. Tangu hapo sikuigiza kitu kingine: baba mlevi, baba mkali, baba anayewapenda wanawe asijue kusema.

Ninyi mnaojirekodi kwa simu mjue hatukuwa na maneno ya kukariri. Mkurugenzi alitupa mkondo, yaani mpangilio wa matukio, na maneno tuliyapata wenyewe mbele ya watu. Ilibidi uwe na mtu kamili kichwani. Mimi nilikuwa na Tata, baba yangu, mchukuzi wa magunia ya kahawa bandarini Bukoba. Akinywa rubisi alirudi akigombana na mlango. Niliwahi kuchana kaptula ya shule, akanichapa mpaka majirani wakaja. Alfajiri nikamkuta uani anaishona kwa sindano ya magunia na uzi wa katani, akinyonya kidole alichojichoma.

Tukio hilo nililipeleka hadi visiwa vya Muleba. Tuliigiza kando ya vichanja vya dagaa, na wavuvi walicheka kwenye kipigo, wakanyamaza kwenye kushona. Mmoja alinifuata baada ya mchezo.

"Wewe, baba yangu umemjulia wapi?"

Tata mwenyewe alikataa kuja. "Mtu ajifanye mlevi mchana kweupe, apigiwe makofi? Hiyo naiweza, tena bila mazoezi." Alikubali baada ya kuacha upakiaji na kurudi kwenye kibanja chake Rubafu. Tulikuwa na onyesho Kagondo. Akaja na koti lake la kanisani, akaketi mbele. Kwetu baba na mwana hawaelezani mambo ya moyoni. Nilitaka ajue kwa njia hiyo kwamba alfajiri ile nilimwona.

Mgeni rasmi alichelewa, akaingia tukiwa katikati ya kipigo. Msimamizi wa jukwaa, ambaye kazi yake ni kutuingiza na kututoa, alipitisha kidole shingoni. Maana yake kata.

"Bado kushona!" nikamnong'oneza.

"Mkurugenzi kasema panatosha. Hotuba!"

Wenzangu wakaanzisha wimbo wa kufunga. Ukumbi mzima ulikuwa bado unacheka.

Nilimkuta Tata nje, anatafuta pikipiki ya kumrudisha.

"Tata, kuna sehemu wameikata. Ile ya kaptula. Unaishona."

"Mwana wangu, fimbo ilipata nafasi. Sindano ndiyo ikakosa?"

Nilipomlalamikia mkurugenzi, alishangaa. "Watu wamecheka, mgeni kafurahi. Unalia nini?" Nilibaki naye kwa sababu sikuwa na kazi nyingine mikononi. Kila tulipokaribia Rubafu nilituma ujumbe nyumbani, na kila mara jibu lilikuwa kwamba mzee ana kazi shambani. Baadaye mkurugenzi akampata kijana wa kubandikwa ndevu, nami nikastaafishwa hata bila soda ya kuagana. Sasa sina makao. Wiki hii niko Muleba, ijayo labda visiwani, na vijana wananiuliza siri ya kumwigiza baba. Nawaambia wajifunze kushona kabla ya kujifunza kupiga. Wanadhani nawatania.

Tata alifariki mwaka uliopita, bila kuniona tena jukwaani. Tulimzika kibanjani, na waombolezaji waliokuwapo Kagondo wakanizunguka kunipa mkono. "Marehemu ulimpatia kweli kweli," mmoja akasema. "Vile alivyokuwa akichapa!" Wengine wakaitikia, na shangazi yangu akacheka kidogo katikati ya kilio.

Niliwashukuru mmoja mmoja.