Simu Iliyokuwa na Sura

Mwaka ule tulikula sombe bila mawese. Mtu wa Baraka akisikia hivyo anajua ni mwaka gani, hahitaji kalenda. Michikichi ilikuwa inaiva yenyewe kule njia ya Fizi, matunda yanaanguka, panya wanashiba, na sisi huku chini tunatwanga majani ya mihogo na kuyachemsha na chumvi kama chakula cha mbuzi mgonjwa. Watu wa bunduki ndio walikuwa wanalala kwenye michikichi. Ziwani nako mitumbwi ilikatazwa kutoka, basi ndakala, dagaa wa ziwa letu, tuliziona vumbi tu, lile vumbi la chini ya gunia ambalo zamani tulikuwa tunawatupia kuku. Tulilila na bukari, ule ugali wa mihogo iliyong'olewa ikingali michanga. Tumbo linajaa, njaa inabaki palepale.

Mimi sikusoma. Baba alinitoa shule mapema, akasema shamba halilimwi kwa kalamu. Haya ninayoandika nimeyaweza uzeeni, na bamama wa kanisa, na sababu iliyonipeleka kwao mtaiona. Lakini mwaka ule herufi zilikuwa kwangu kama wadudu waliokufa kwenye karatasi. Na bado simu niliiweza. Nasema hivyo bila haya: niliiweza kuliko watu wengi waliosoma, maana mimi sikuwa naisoma, nilikuwa naijua. Jikoni kwangu naokota chumvi bila kuangalia. Simu ilikuwa vilevile. Kidole kilikuwa kinajua njia.

Ilikuwa ya binti yangu. Alipoolewa kule Fizi, juu milimani, aliniachia, akasema wao nyumbani simu ya mume wake inatosha. Kabla ya kuniachia alikaa na mimi mlangoni akaitengeneza. Aliweka ukurasa ambao ukiwasha tu, unaona sura. Herufi hakuna. Upande wa kushoto, sura ya kaka yake, yule anayechimba dhahabu. Upande wa kulia, sura yake mwenyewe, amefunga kitambaa cha kijani, anacheka na meno yote, maana alijipiga foto yeye mwenyewe na mimi nilikuwa namgombeza kwamba chungu kinaungua.

"Mama, unamufinya yeye hapa kwenye mashavu, anaita."

"Nikufinye mashavu? Hata ulipokuwa mutoto sikukufinya."

"Ulinifinya. Kovu iko hapa, angalia."

Tulicheka. Ndiyo ilikuwa simu yangu: nafinya mashavu ya mtoto wangu, anaitika.

Sasa lazima nieleze jambo la ukwe, maana bila hilo hamtaelewa. Kwetu mama mukwe hamtaji mume wa binti yake kwa jina. Haliingii kinywani. Akitokea njiani nageuka kando, naye anageuka. Akija kwangu tunasalimiana tukiwa tumepeana mabega. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo nilimpa yote kwa sababu alikuwa mume mzuri. Sasa fikiria: namba ya kumpata binti yangu ilikuwa ya mume wake. Ndiyo maana binti aliweka sura yake juu ya namba ile, ili mimi nimwite yeye na si mukwe. Na yule mukwe, akiona ni mimi napiga, hakuwa anasema alo. Alikuwa ananyamaza tu na kumpa mke wake simu. Ujanja huo walikuwa wameupanga wenyewe bila kuniambia, nikaujua baadaye, nikafurahi.

Binti alikuwa anashuka siku ya soko na beseni la maharage kichwani na mtoto mgongoni. Kwa sababu ya vita tulikuwa na makubaliano. Mimi niko chini, nasikia habari za njia mapema. Njia ikiharibika, nampigia siku moja kabla: usishuke. Njia ikiwa nzuri, sipigi, maana mainite, salio la simu, ni ya kuhurumia. Kimya changu kilikuwa ndiyo ruhusa. Shikeni hilo.

Siku moja kabla ya soko nilipeleka simu kuchajiwa, asubuhi, kwa mwenye nyumba ya chaji karibu na maegesho ya moto, pikipiki za abiria. Mtu mzima, mwenye watoto, mpole. Alikuwa na mabamba ya jua juu ya paa na alikuwa amevuta rezo, mtandao, ya kuuzia vijana wanaotaka kuangalia mpira. Nikamwachia, nikaenda kutafuta majani.

Kabla jua halijasimama, wanawake wakaanza kuteremka kutoka njia ya Fizi wakikimbia. Hawana mizigo. Mmoja ana kiatu kimoja. Jirani yangu, muuza ndakala, mwanamke wa mdomo mkali, akamshika mmoja mkono.

"We, unakimbia nini?"

"Bako kwenye daraja. Banasimamisha batu. Banachukua bamama banaingiza mu pori. Usiniulize, niache nipite!"

Wengine walikuwa tayari wanafunga magodoro kuelekea Lusenda. Mimi sikuwaza godoro. Niliwaza maharage. Nilijua saa hizi binti yangu anayachambua, na kesho alfajiri atayabeba. Nikaenda kwa mwenye chaji nikitembea haraka, sikukimbia, maana nilikuwa na dawa mkononi: nafinya mashavu, nasema neno moja, imekwisha.

Akanipa simu anatabasamu. "Mama, leo uko na bahati. Simu yako ilikuwa inaomba mizajuru, ile kuifanya upya, siku nyingi. Nimeikubalia na rezo yangu, sikudai kitu. Sasa iko mupya."

Nikawasha. Sura hazipo.

Niliona weupe. Chini kuna viduara vya rangi, na ndani ya kila kiduara herufi moja. Nikazima, nikawasha. Weupe uleule. Nikapeleka kidole pale kulia, mahali pa mashavu, kikafunguka kitu cha habari ya mvua na jua.

"Binti yangu iko wapi?"

"Mama?"

"Sura ya binti yangu. Ilikuwa hapa. Hapa! Na kaka yake hapa."

Akachukua, akasugua, akafungua huku, akafunga kule, jasho linamtoka. Akasema: "Ule ukurasa bameuondosha, Mama. Benye kutengeneza simu. Banasema batu habautumie tena."

"Nani amesema? Mimi natumia kila siku. Wameniuliza mimi?"

"Habaulize muntu, Mama. Inakuja tu."

"Irudishe."

"Hairudi. Mizajuru ikishaingia hairudi nyuma. Lakini mupya iko nzuri, angalia, iko na maua..."

Hapo ndipo nilipomwambia, na watu wote wa maegesho wakasikia: "Kipya chako sitaki. Rudisha sura za watoto wangu pale zilipokuwa."

Muuza ndakala alikuwa amenifuata. Akaniambia: "Dada, usigombane na mashine. Mwambie jina, atasoma kwenye majina, atapiga."

Nikataja jina la mwanangu mchimbaji. Likapatikana. Akapiga. Sauti ya yule mwanamke wa Kifaransa ikasema hapatikani. Nilijua hapatikani, kule machimboni lazima apande kilima ndipo rezo imwone, na hupanda Jumapili. Bado namba ya Fizi.

"Namba iko ya nani, Mama?"

"Ya binti yangu."

Nikataja jina la binti. Akatafuta. Halimo. Bila shaka halimo, nani anaandika jina lake mwenyewe kwenye simu yake?

"Labda iko mu jina la bwana yake. Anaitwa nani?"

Nikakaza kitenge kiunoni. Muuza ndakala ni wa kwetu, alijua swali hilo ni kisu. Akajaribu kunisaidia: "Mimi nilikuwa namwita Fundi tu." Mwenye chaji akatafuta Fundi. Halimo. Nikasikia, mbali sana kule juu, kitu kama mtu anatwanga kinu kikavu. Haikuwa kinu.

Nikalisema. Mimi, mwanamke mzima, mjukuu wa watu wanaojiheshimu, nililisema jina la mukwe wangu mbele ya waendesha moto, kwa sauti, na nikalirudia maana mwenye chaji hakusikia vizuri. Muuza ndakala aliangalia chini. Wazee wawili waliokuwa wamekaa pale wakasimama wakaondoka, hawakutaka kuwa wamesikia. Nilijiona niko uchi barabarani.

Akatafuta. Halimo.

"Soma yote," nikasema. "Moja kwa moja. Nitalijua."

Akasoma. Mashoga wa binti, watu wa kwaya, mshonaji, dada mmoja wa Uvira. Tukawapigia waliopatikana, hakuna aliyekuwa na namba ya kule. Akaendelea kusoma, halafu akasimama, akaona haya, kisha akacheka kidogo.

"Mama, na huyu Sheri ni nani? Uko na mupenzi kumbe!"

Waendesha moto walishika mbavu. "Bibi iko na Sheri! Ndiyo maana analilia simu!" Hata katika vita watu wanacheka, tena ndipo wanacheka zaidi. Mimi ni mjane. Nilimzika mume wangu ng'ambo ya ziwa, kwenye kambi, vita vya kwanza. Nikamwambia mwenye chaji ana kinywa cha kuku, apite, asome watu wenye akili. Akapita. Akasoma mpaka mwisho, akatafuta na namba zilizopigwa zamani, mizajuru ilikuwa imezifuta. Hakuna.

Nilitafuta mtu wa kupanda Fizi siku ile. Hakuna aliyekuwa anapanda. Wote walikuwa wanateremka. Nilimshika mwendesha moto mmoja koti, nikampa kitenge changu cha ndoa aende, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Mama, na mimi niko na mama." Nilisimama njiani nimeshika simu, na simu ilikuwa imejaa moto, chaji mpaka juu, rezo iko, mainite yako. Kila kitu kilikuwamo isipokuwa mtoto wangu.

Na kule juu walisikia kimya changu.

Hakufika. Siku ya soko nilikaa pale njia inapoingia mji, nikiangalia kila beseni. Wachache waliofika walikuwa wamepita porini. Mwanamke mmoja aliniambia aliona maharage yamemwagika kwenye daraja, mengi, na kuku wa watu wanayala. Sikumwuliza kama aliona kitambaa cha kijani.

Mukwe alikuja njia ilipofunguka. Alisimama uani akanigeuzia mgongo, nami nikageuka, tukasimama hivyo, heshima iko palepale, mtu tuliyekuwa tunaheshimiana kwa ajili yake hayupo. Akasema kwa ukuta: "Mama, simu ilikuwa mkononi mwangu siku nzima. Tulisema, mama hajapiga, njia ni nzuri." Ningemwambia nini? Kwamba kuna watu, sijui wako nchi gani, waliamua kwamba sura hazitumiki?

Hatukuzika. Hakuna cha kuzika. Foto nyingine sina, maana za zamani tuliziacha tulipovuka ziwa, na ile ya kitambaa cha kijani iliondoka na ukurasa wake. Mwenye chaji aliitafuta mara nyingi bila kuombwa. Hakuiona. Siku hizi nikipita, anaingia ndani.

Basi nikaenda kwa bamama wa kanisa wanaofundisha kusoma. Walidhani nataka Biblia. Nilitaka simu. Nilijifunza polepole, herufi kwa herufi, na siku nilipoweza nilikaa mlangoni nikawasha, nikashuka kwenye majina kama mtu anayeshuka kisimani. Nikalifikia lile. She-ri. Nikakumbuka simu ilikuwa ya nani kabla haijawa yangu. Mimi sina Sheri. Msichana aliyekuwa anachumbiwa ndiye mwenye Sheri.

Nikafinya.

Ililia kidogo tu, ikapokelewa. Hakuna aliyesema alo. Nikasikia pumzi ya mwanamume, na nyuma yake kuku, na mtu anapasua kuni. Pumzi ile ilikaa pale. Ilikuwa inangoja kufanya kama zamani, kumpa mtu simu, na hakuwa na mtu wa kumpa. Mimi pia sikusema, maana siruhusiwi. Tulikaa hivyo mpaka mainite yakaisha.

Mwanangu wa dhahabu amekuja juzi. Analeta simu kubwa, kioo kitupu kama sahani. Ananihurumia, najua. Anasema, "Mama, tupa hiyo kitu ya zamani. Hii haina kusoma wala kufinya. Unasema jina tu, inapiga yenyewe. Jaribu, sema jina."

"Jina gani?"

Akakifuta kioo na shati. Kisha akasema basi angalau aichukue ile ya zamani, aipeleke mjini, wana mizajuru nyingine, pengine itapendeza. Akanyoosha mkono. Nikaiweka simu kifuani, ndani ya nguo, mahali anapolala mtoto mchanga, nikamwambia lile nililomwambia yule wa chaji, sikuongeza, sikupunguza:

"Kipya chako sitaki. Rudisha sura za watoto wangu pale zilipokuwa."