Mama Alimwambia Mkaguzi Kwamba Sijawahi Kumlipa Hata Senti

Mama yangu mzazi aliketi mbele ya mtu wa serikali, akamtazama machoni, akasema maneno yaliyoninyang'anya riziki yangu.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama kando yake, nimeshika birika la chai.

Naitwa Treasa Ruane. Ninaishi Mayo, magharibi mwa Ayalandi. Haya yalinipata nikiwa na miaka ishirini na minne, na hadi leo siwezi kuyasimulia nikiwa nimekaa.

Si kwa huzuni. Kwa hasira.

Kwa miaka sita nilifanya kazi katika kiwanda cha samaki wa kukaushwa kwa moshi, maili nne kutoka nyumbani. Jumatatu moja ya Januari tulikuta geti limefungwa kwa mnyororo, na karatasi imebandikwa juu yake. Watu sitini tulisimama pale tukiisoma karatasi ile kama matokeo ya mtihani.

Miezi tisa ya kwanza sikuwa na shida. Serikali ilinilipa kutokana na makato ya mshahara wangu mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza naishi na nani wala nakula nini.

Oktoba makato yakaisha. Hapo ndipo serikali ikaanza kunipima, nina nini na nakula kwa nani.

Niseme wazi nilichokuwa nakitaka. Mmiliki mpya wa kiwanda alitutangazia kwamba angefungua Aprili, na wafanyakazi wa zamani wangeitwa kwanza, mradi wawe karibu. Nilihitaji kufika Aprili nikiwa bado niko nyumbani. Basi.

Kwetu watu huondoka. Kaka yangu Ruari yuko Perth, Australia. Darasani kwetu tulikuwa ishirini na wawili, tumebaki wanne. Kila sherehe ni ya kumuaga mtu. Mimi sikutaka kuagwa.

Nikaenda ofisi ya ustawi mjini. Dirishani alikaa Majella, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Alinijua tangu nikiwa mtoto.

"Unaishi na wazazi, Treasa?"

"Ndiyo."

"Baba bado anafanya kazi kwenye barabara za kaunti?"

"Bado."

"Basi tutahesabu mshahara wake."

"Mshahara wa baba? Anayeomba ni mimi."

"Una miaka chini ya ishirini na mitano na unalala kwake. Sheria inachukulia kwamba sehemu ya mshahara ule inakufikia wewe."

"Hainifikii."

"Sheria inasema inakufikia."

"Majella, baba yangu ananidai mimi pesa ya petroli!"

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Majella hakucheka. Akashusha sauti.

"Kuna kitu chochote unachotoa pale nyumbani?"

"Euro hamsini, kila Ijumaa, mkononi mwa mama. Tangu mshahara wangu wa kwanza."

"Mwambie mkaguzi hivyo akija nyumbani kwenu. Na mama yako aseme hivyo hivyo. Inaweza kusaidia. Sikuahidi."

Nikajaza fomu. Palipoulizwa kama nina akaunti nyingine yoyote, benki, posta au saccos, nikaandika: hakuna.

Hiyo desturi ya Ijumaa niieleze kidogo. Kwetu mtoto akianza kazi humkabidhi mama yake kitu kila wiki. Hakuna mkataba wala risiti. Unaweka noti juu ya meza, mama anasema "Mungu akubariki," noti inatoweka kwenye mfuko wa aproni, mazungumzo yanaendelea. Hata nilipokuwa nalipwa kwa makato sikuacha.

Mkaguzi alikuja Alhamisi. Bwana Loughnane. Mrefu, mkimya, mkoba chini ya kwapa.

Asubuhi hiyo nilishuka jikoni nikakuta mama ameoka mikate miwili na pai ya tufaha. Vikombe vya harusi yake vimetolewa kabatini. Moto umewashwa kwenye sebule ya wageni, chumba tunachokifungua kwa padri na kwa maiti tu.

"Mama! Unafanya nini?"

"Tuna mgeni."

"Huyu si mgeni! Anakuja kuangalia kama sina kitu!"

"Kwa hiyo nimpe maji kwenye kopo la maharage? Toa hizo buti mlangoni."

Bwana Loughnane akaingia. Mama akamwambia, "Utakunywa chai."

"Asante mama, nimetoka kunywa."

"Kikombe kidogo tu."

"Hapana, kwa kweli."

"Basi nusu."

Akakubali nusu. Kwetu nusu ni birika zima, mkate, siagi, jamu, vipande vya paja la nguruwe na pai iliyofunikwa kwa krimu. Alikula kila kitu. Nilimtazama akitafuna ushahidi.

Kisha akajifuta midomo, akafungua mkoba.

"Mama Ruane, binti yako anakula hapa?"

"Atakula wapi? Kwa jirani?"

"Na chumba chake?"

"Anacho. Kina dirisha upande wa jua."

"Je, huwa anakulipa chochote kwa chakula na malazi?"

Nikasogea mbele. Nilitaka mama anione. Alinitazama, kisha akamgeukia yule bwana, akanyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha.

"Mwanangu anilipe chakula cha mezani pangu? Sijawahi kula hata senti ya mtoto huyu."

Kalamu ikaandika. Niliisikia.

"Mama," nikasema.

"Mjazie bwana chai, Treasa."

Gari la mkaguzi lilipotoka getini, nililipuka.

"Umedanganya! Miaka sita, mama! Kila Ijumaa!"

"Sikudanganya."

"Nilikuwepo! Nimekusikia kwa masikio yangu!"

"Nimesema sikudanganya. Leta sahani hizo."

"Kwa ajili ya nini? Ili mtu wa serikali akuone una fahari?"

Akafungua bomba la maji, akanipa mgongo. Sahani ziliumia siku ile.

Barua ilifika baada ya wiki mbili. Kiasi walichonipa kwa wiki kilitosha nauli ya kwenda mjini kusaini kwamba bado natafuta kazi, na kurudi. Sababu ilikuwa kwenye mstari mmoja: anapata chakula na malazi ya bure kwa wazazi wake. Chini yake waliandika kwamba nikitimiza miaka ishirini na mitano, mshahara wa baba hautahesabiwa tena.

Kitanda kile kile. Viazi vile vile. Ila nikizima mishumaa ya keki mwezi Mei, ghafla nitakuwa maskini.

Baba aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Kumbe nimekuwa nikikulipa. Mbona hukunijulisha? Ningeomba risiti."

Hakuna aliyecheka. Mimi na mama tulikuwa hatuzungumzi. Wiki nne. Nilipitisha ujumbe kupitia baba, yeye alipitisha kupitia mbwa. "Mwambie mwenzako chakula kiko tayari," anamwambia mbwa, na mimi nimekaa pale pale.

Ruari alipiga simu.

"Treasa, njoo huku. Nimeshaongea na bosi. Nakulipia tiketi, ila nijibu kufikia Ijumaa."

"Nangoja kiwanda."

"Kiwanda gani? Unangoja geti! Unabembeleza watu wanaohesabu viazi kwenye sahani yako. Huna aibu?"

Nilikuwa nayo. Ndiyo iliyokuwa inanitafuna.

Nilikuwa tayari nimeomba uamuzi uangaliwe upya. Niliandika kurasa mbili kwa mkono wangu: kwamba nimemlipa mama yangu kwa miaka sita, kwamba alichomwambia mkaguzi si kweli. Fikiria. Nilimwandikia mtu nisiyemjua kwamba mama yangu ni mwongo, nikaweka sahihi.

Niliitwa Alhamisi, siku moja kabla ya muda wa Ruari kwisha. Hakukuwa na basi asubuhi ile, baba alikuwa kazini. Mama alinipeleka kwa gari. Maili kumi na moja, hatukutoa hata kikohozi.

"Nitakungoja," alisema akizima injini. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu Oktoba.

Majella alikuwa dirishani, karatasi zangu mbele yake. Hakunitazama moja kwa moja.

"Treasa, uliandika huna akaunti nyingine."

"Sina."

"Una akaunti saccos."

"Majella, unanichanganya na mtu mwingine."

"Treasa Mary Ruane. Ilifunguliwa ulipopata komunyo ya kwanza."

Nikacheka. Nilikuwa na miaka saba wakati ule. Shangazi na wajomba walinipa noti, mama akazipeleka saccos, baadaye mashine ya kufua ikaharibika, akazitoa kununua nyingine. Nilidhani akaunti ile ilikufa na mashine.

"Hiyo haina kitu."

Akageuza kompyuta yake nione kupitia kioo.

Zilikuwa safu za tarehe. Euro hamsini. Euro hamsini. Euro hamsini. Kila Ijumaa, tangu wiki ya mshahara wangu wa kwanza hadi ile Ijumaa ya mwisho ya makato. Hakuna iliyorukwa. Wiki za Krismasi ziliandikwa mia. Hamsini zile za ziada sikuzitoa mimi.

Nilisoma hadi chini. Kisha nikaanza tena kutoka juu.

Sijawahi kula hata senti ya mtoto huyu.

Alisema kweli. Alimwambia mkaguzi ukweli mtupu, na mwongo kwenye jalada lile nilikuwa mimi. Nilikuwa mwongo mara mbili, na sahihi yangu ilikuwa chini ya kurasa zote.

"Kwa hiyo mmenikatia kwa sababu ya hii?" niliuliza.

"Hapana. Kiasi hicho kiko chini ya kile tunachokihesabu. Ungekiandika kisingekupunguzia hata senti. Kilichokupunguzia ni mshahara wa baba yako, na huo haubadiliki. Lakini kwa kuwa hukuiandika akaunti, itabidi upewe onyo la maandishi."

"Onyo."

"Ni utaratibu, mpenzi."

Nilitoka. Mama alishusha kioo cha gari. Sikuweza kusema chochote isipokuwa neno moja.

"Saccos."

Uso wake ulibadilika, na mimi nilimjua mama yangu kwa hasira zote, ila hii sikuwahi kuiona. Alifungua mlango, akavuka barabara bila kuangalia magari, akaingia ofisini na buti za shambani. Nikamkimbilia.

Hakupanga foleni.

"Majella Tuohy! Ni wewe uliyemwambia?"

"Mama Ruane, tafadhali, mfumo ndio unaoonyesha..."

"Ilikuwa yangu kumwambia! Yangu! Siku baba yake akimkatia kiwanja, siku wanachimba msingi, ningemwekea kile kitabu mkononi. Mume wangu hajui. Padri hajui. Nimenyamaza wiki nne mwanangu akiniona mwizi, na wewe umeitoa siri yangu kupitia hicho kioo kama tiketi ya basi!"

Mzee mmoja kwenye foleni alivua kofia.

"Hatukukusudia..."

"Mnapima, sivyo? Basi pimeni vizuri. Mmeandika anakula bure. Anakula ninachopika! Hilo si pato, mama we! Mimi ni mama yake! Hilo lina kisanduku chake kwenye fomu yenu? Niwekee tiki."

Majella alikuwa na machozi. Sikumhurumia. Bado simhurumii sana, ingawa najua hakuitunga yeye sheria ile. Waliotunga hawakai dirishani, na hakuna anayewavukia barabara na buti.

Maombi yangu yalikataliwa siku hiyo hiyo.

Ndani ya gari mama alishika usukani bila kuwasha injini.

"Mbona hukuniambia, mama? Ungeniambia tu siku ile mkaguzi alipoondoka."

"Ungeitumia."

"Ndiyo, ningeitumia!"

"Basi." Akapangusa pua kwa kiganja. "Sasa itumie. Kaa."

"Ni msingi wa nyumba yangu."

"Nyumba ya nani, ukiwa Perth?"

Ijumaa asubuhi nilimpigia Ruari. Nikamwambia siji. Alinitukana kidogo, kisha akaomba nimpe mama simu, na nilimsikia mama akimwambia, "La, usilie, wewe ni mwanaume mzima."

Nilibaki. Nilikula msingi wa nyumba yangu Ijumaa moja baada ya nyingine, hadi kiwanda kilipoita. Sasa nimeanza kuweka upya, na kwa kasi hii nitachimba nikiwa na mvi.

Kama una fomu kama ile mezani kwako leo, usiijaze peke yako chumbani. Nenda jikoni kwanza, uliza kama kuna chochote duniani chenye jina lako. Na kabla hujamwandika mtu wako kwamba ni mwongo, jiulize ni nani aliyekufanya ulazimike kuthibitisha hivyo.

Mimi sikujiuliza. Wiki nne nzima nilimnunia mtu pekee katika kaunti ile ambaye hakuwahi kunipima.