Posho ya Mstari Mmoja

Niliondoka Temeke asubuhi, jua likiwa halijachomoza vizuri, na sikujua ninakwenda wapi. Nilikuwa na suruali ya pili, shuka, katambuga za tairi miguuni, na Biblia isiyo na jalada niliyoitia ndani ya mfuko wa unga. Nilipofika barabarani jua likaanza kunipiga machoni. Nikaligeuzia mgongo. Hivyo ndivyo nilivyochagua upande wa kwenda, na mpaka leo sijapata sababu nzuri zaidi ya hiyo.

Miaka ile kutembea mjini bila mpango lilikuwa kosa. Malori yalipita yakikusanya vijana wasio na kazi na kuwapeleka kulima vijijini. Ukihama nyumba ulitakiwa uwe na barua ya balozi wa nyumba kumi, yule mtu wa chama aliyejua kila kaya kati ya zile kumi imelaza nani na imepika nini. Bila barua hiyo, balozi wa huko uendako hakupokei, na mwenye nyumba atakayekuficha anajitafutia matata. Mie sikuwa na barua. Balozi wetu alikuwa mjomba wangu, na mjomba alikuwa ameninyima.

Kwa sisi watu wa kusini, mjomba si kaka wa mama tu. Mjomba ndiye mwenye wewe. Nilipofika kwake kutoka Lindi alinipa mkeka na sahani, na sijawahi kuyasahau hayo. Alikuwa nyapara bandarini, mzee wa kanisa, na balozi. Vyeo vyote vitatu alivivaa kwa pamoja, hata akiwa na msuli.

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla hajaenda bandarini, tulikaa chini mbele ya kiti chake: mkewe, binti zake wawili, na mie. Alifungua sanduku kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akaitoa Biblia kwenye kitambaa, akatugawia mistari kama bwana posho anavyogawa unga kambini. Kila mtu mstari wake mmoja, na jioni ulitakiwa uurudishe kwa kichwa. Hakugawa ovyo. Alitazama kosa la mtu, akampa mstari wa kumponya. Mkewe alipata ule wa mwanamke mgomvi anayefanana na paa linalovuja siku ya mvua. Mabinti walipata kuwaheshimu baba na mama. Mie, siku baada ya siku, nilipata mvivu anayeambiwa aende akajifunze kwa mdudu chungu.

Sikuwa mvivu. Nilikuwa nimekata mkonge Tanga, nimebeba chumvi Lindi, nimekuwa utingo wa lori hadi Iringa. Nilichoshindwa ni kutulia. Shule niliiacha darasa la nne kwa sababu mwalimu aliniambia niache kuuliza, nami sikujua namna ya kuacha. Nilitaka kujua mtu anaishije. Nilidhani lazima jambo hilo limeandikwa mahali, na kwamba watu wazima wananificha.

Kumbe halikufichwa mbali. Kulikuwa na duka la mzee mmoja wa Kiarabu kwenye kona yetu, lililokuwepo tangu baba yake. Alinunua magazeti makuukuu kwa ratili ili afungie karanga na sukari. Siku moja aliniita.

"Kijana, we si Mkristo?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hiki kimekuja katikati ya magazeti. Mkono wangu umekataa kukichana."

Nilikishika. Jalada hakuna, na uumbaji wote hakuna. Kilianzia Nuhu akiwa ameshapanda safinani. Nikamuuliza anauzaje.

"Kitabu cha Mungu nikuuzie kwa ratili? Chukua, uniondolee mtihani."

Tangu siku hiyo nilisoma sura moja kila asubuhi, nzima, kwa mpangilio, bila kuruka. Nilisomea bombani, nikiwa kwenye foleni ya maji, ndoo kati ya miguu. Nilisoma kwa kidole na kwa midomo, kama mtu anayehesabu mawe. Wanawake walinizoea. "Padri wa ndoo," walisema, "foleni imesogea, na Musa naye asogee." Nilisogea nikisoma. Kulikuwa na sura zilizonichosha, za watu kuzaa watu. Kulikuwa na nyingine ambazo sikuweza kuamini kwamba watu wanaziacha wazi namna hiyo, mtu yeyote azisome. Watakatifu walidanganya. Wafalme waliiba wake za watu. Ayubu alimlalamikia Mungu sura nyingi, na mwisho Mungu akasema ni yeye aliyenena vema, si wale rafiki zake wapole. Siku hiyo nilisahau ndoo.

Hatimaye nilifika Mithali, nikakutana na mdudu wangu chungu. Nilimsalimia kama mtu wa nyumbani. Lakini safari hii sikuishia kwake. Niliendelea, na mistari michache mbele, kwenye sura ile ile, nikakuta orodha ya mambo ambayo Mungu anayachukia. La kwanza kabisa katika orodha lilikuwa macho ya kiburi. Nikarudi nyuma, nikasoma tena. Ukurasa ni ule ule. Mtu anayesoma mstari wa mvivu hawezi kukosa kuyaona yale macho, labda awe anaweka kidole juu yake.

Nilikaa na jambo hilo kama wiki nne. Kisha alfajiri moja, alipokwisha kunipa mvivu wangu, nilisema, "Mjomba, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Kwa nini kila siku tunaishia hapa? Mbele kidogo, sura hiyo hiyo, kuna macho ya kiburi. Hayo anagawiwa nani?"

Mkewe alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Binti mdogo akajifunika uso kwa kanga. Mjomba alifunga Biblia polepole.

"Wewe umesoma darasa la ngapi?"

"La nne, mjomba."

"Na umejuaje ya mbele?"

Nikamwonyesha kitabu changu. Alikitazama kama mtu aliyekuta kuku wa jirani kitandani kwake.

"Hicho kitakaa sandukuni kwangu," alisema. "Utapewa mstari wako kama wenzako. Mtu wa darasa la nne akimeza sura nzima inamkaba."

"Haijanikaba, mjomba. Nimeshameza kutoka Nuhu."

"Mkabidhi mjomba wako," mkewe alisema, na alisema kwa upole, kwa sababu alijua kitakachofuata.

"Sikabidhi."

"Basi chagua. Kitabu ama paa."

Nilimwomba barua. Akasema barua ni ya mtu anayehama kwa heri, na kwamba nitarudi kabla ya Jumapili na kitabu mkononi, maana hakuna balozi katika jiji hili atakayenilaza bila maandishi yake. Ningeweza kusema samahani. Neno lilikuwa karibu, na mkeka nao ulikuwa karibu. Lakini nilijua kwamba nikikitia kitabu kile sandukuni, nitaishi maisha yangu yote kwa mstari mmoja niliochaguliwa na mtu mwingine, nami nitazeeka nikiamini kwamba kweli mie ni mvivu.

Kwa hiyo nilitembea. Nilipita Buguruni, nikakata hadi Ubungo, nikaishika barabara ya Morogoro. Chini ya mkorosho, baada ya Ubungo, nilisoma sura yangu ya siku hiyo nusu, kwa sababu siafu walinifukuza. Ilikuwa Mhubiri, sura ya nne. Lori moja lilinipita limejaa vijana nyuma, mgambo wawili wamekaa juu ya bodi. Mmoja wa vijana akaniita, "Panda ndugu, usafiri wa bure na jembe juu." Wenzake wakacheka, hata mgambo mmoja akacheka, na kwa sababu alikuwa anacheka hakusimamisha gari. Niliendelea kutembea nikijidai mtu anayejua anakokwenda. Mgongo niliunyoosha. Mtu aliyenyoosha mgongo haulizwi sana.

Nilifika Kibamba saa kumi jioni. Wakati ule kulikuwa na mashamba tu, mihogo na minazi michache, nyumba zimeachana. Nilikuwa nimeamua jambo moja njiani: sitajificha. Wenzangu waliofika mjini bila barua walijipenyeza usiku kwenye vyumba vya jamaa na kuishi kama panya. Mie niliitafuta bendera ya chama, ile inayopepea nyumbani kwa balozi, nikaenda moja kwa moja chini yake. Kama ni kukataliwa, nikataliwe mapema na mwenye haki ya kukataa.

Balozi alikuwa mwanamke. Alikuwa mtu mzima, mwenye alama kwenye mdomo wa juu iliyoachwa na ndonya, kile kipini cha wanawake wa kusini, na alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango wake akiandika herufi juu ya mbao kwa kipande cha mkaa. Mlango wote ulikuwa umejaa a, e, i, o, u, nyingine zimelala ubavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naomba maji. Na hiyo e imegeukia nyuma."

Aliinuka. "Umekuja kuomba maji au kuomba kazi ya ualimu?"

Alinipa maji, kisha e akaigeuza bila kusema neno. Nilipomaliza kunywa akanyoosha mkono. Alitaka barua. Nikamwambia sina, balozi wangu ni mjomba na ameninyima. Akauliza nimeiba nini. Nikasema sijaiba. Nimempa mimba nani? Hakuna. Basi mjomba amnyime mtoto wa dada yake barua kwa lipi?

"Kwa kitabu," nikasema, nikakitoa kwenye mfuko.

Nilimweleza yote, mistari ya kugawiwa, ufunguo wa shingoni, macho ya kiburi. Alisikiliza akiwa amekunja mikono. Mwisho akasema tumsome huyo Mungu wako, tuone amekufukuzisha kwa nini.

Nikafanya jambo ambalo bado linanitia aibu. Nilimtazama, mwanamke mchapakazi, mikono imepasuka, nikafungua haraka mwisho wa Mithali, pale mke mwema anaposifiwa kwa kuamka kabla hakujacha. Nilidhani litampendeza. Nilikuwa nimesoma mstari mmoja aliponikatiza.

"Wewe. Nani amekuomba unichagulie?"

Nilimsikia mjomba mdomoni mwangu, sauti yake kabisa, hata kile kikohozi cha kusafisha koo kabla ya kusoma.

"Mie najifunza kusoma kwa sababu hiyo hiyo," alisema. "Barua za tawi zinakuja kwangu, mie ndiye balozi, na katibu ananisomea anachotaka. Mwaka juzi alinisomea nusu. Nikawaambia watu wangu wajitokeze kuchimba mtaro. Ile nusu nyingine ilisema wapewe majembe na chakula. Wamechimba kwa njaa, kwa kauli yangu." Akakaa juu ya kinu. "Ulikuwa umeishia wapi?"

"Mhubiri, sura ya nne. Siafu walinikatiza."

"Anza mwanzo wake. Na usikate."

Nilisoma kwa kidole na midomo. Tulipofika pale machozi ya wanaoonewa yanapokosa mfariji, alitikisa kichwa polepole. Tulipofika pale waliokufa wanapohesabiwa heri kuliko walio hai, akainua mkono.

"Hapo sikubali. Nimemzika mume na watoto wawili. Hakuna aliyerudi kuniambia kule ni bora. Endelea."

Nilitazama mbinguni. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu akisema sikubali mbele ya Maandiko, na kuku wakaendelea kuparura kama kawaida. Nikaendelea. Wawili ni afadhali kuliko mmoja, wakilala pamoja wanapata moto.

"Hilo usilitegemee hapa," akasema. "Wewe utalala karakana."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimepata pa kulala. Sikuthubutu kushukuru, nisije nikaikatiza sura. Nikasoma mpaka nikafika kwa mfalme mzee mpumbavu asiyejua tena kupokea shauri, na kijana maskini mwenye hekima aliye afadhali kuliko yeye. Nilicheka kwa sauti. Huyu, nikasema, huyu nampelekea mjomba leo leo.

"Mstari mmoja?" akauliza.

Nikarudisha kidole mwanzo wa sura.

"Barua tutamwandikia. Siwezi kumkalisha mtu kwangu bila kwao kujua, wala simwombi ruhusa. Andika: kijana wako yuko Kibamba, nimempokea mie, hana kosa ila anasoma. Halafu mwandikie namba ya hiyo sura. Nzima. Asome mwenyewe, aone amemkuta wapi huyo mfalme."

Niliandika juu ya kipande cha mfuko wa unga. Yeye alitia jina lake kwa mkono wake, herufi kwa herufi, ulimi nje kidogo pembeni mwa mdomo, na e zote zilitazama mbele.

Karakana ilikuwa ya marehemu mumewe, mchonga vinyago. Magogo mawili ya mpingo yalikuwa bado yamesimama ukutani, moja limeanza kupata bega. Nilisukuma mabanzi pembeni, nikatandika shuka. Alinijia na sahani ya muhogo, akasimama mlangoni.

"Kesho unasoma saa ngapi?"

"Nikishateka maji, mama."

"Kisima ni kule chini. Sura ya tano, basi," akasema. "Na ukifika mahali nikakataa, nitasema nimekataa."

Nikamwambia na mie vilevile.